Kima punju wa Unguja

Kima punju ni mnyama wa mitini anayepatikana Unguja na visiwa vidogo vilivyo ubavuni mwake, kama Uzi. Kwingine kokote duniani hayuko, isipokuwa kundi dogo lililoko Pemba, nalo lilipelekwa na watu. Mgongo wake ni mwekundu wa kutu, mabega na mikono ni myeusi, tumbo ni jeupe. Uso mweusi umezungukwa na nywele ndefu nyeupe zilizosimama ovyo, na midomo na pua vina rangi ya waridi. Dume mzima anaweza kupita kilo 10, na jike ni mdogo kidogo. Mkia ni mrefu kuliko kiwiliwili, lakini hauwezi kushika tawi. Kazi yake ni kumweka sawa anaporuka.

Wanasayansi humwita Piliocolobus kirkii. Jina hilo linatokana na John Kirk, tabibu aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, na mnyama mwenyewe aliingizwa katika vitabu vya sayansi na John Edward Gray mwaka 1868. Ndugu zake wa karibu wako bara: yuko kima mwekundu wa milima ya Udzungwa na yuko wa kingo za Mto Tana nchini Kenya. Bahari ilipopanda baada ya enzi ya barafu na kuitenga Unguja na bara, kima punju alibaki upande wake wa maji, na tangu hapo hajachanganyika na jamaa zake.

Mkono wake hauna kidole gumba cha maana. Palipostahili kuwa na gumba pana kinundu tu, na vidole vinne vilivyobaki ni virefu, vimepinda kama kulabu. Kwa mkono huo hawezi kushika kitu kwa ustadi wa tumbili, ila anaweza kujitupa kutoka mti mmoja hadi mwingine, akaangukia kichaka cha matawi na kujinasa bila kutafuta pa kushika. Anayewaona kwa mara ya kwanza hudhani wanaanguka.

Chakula chake kikuu ni majani machanga, matumba, maua, mbegu na matunda mabichi. Embe lililoiva, ambalo kima wa kawaida angelipigania, yeye halitaki. Sababu iko tumboni. Tumbo la kima punju lina vyumba vinne, na ndani yake wamo bakteria wanaochachua majani na kuyavunja, karibu na inavyofanyika kwa ng'ombe. Sukari nyingi ya tunda lililoiva huvuruga uchachuaji huo na kumjaza gesi. Kwa hiyo saa nyingi za mchana hupita amekaa tu juu ya tawi, tumbo limetuna, akisubiri mlo usagike. Wageni humwita mvivu, lakini kupumzika huko ni sehemu ya kula.

Majani nayo yana kinga zake. Ya mwembe na ya mkungu yana protini nyingi, lakini pia yana kemikali za jamii ya fenoli zinazozuia usagaji. Hapo ndipo kima punju wanaokaa kwenye mashamba ya kando ya msitu wa Jozani walipojipatia dawa: wanakula makaa. Hushuka chini, wakatazama huku na huku, wakachukua kipande kwenye tanuri la makaa au la chokaa, kwenye kisiki kilichoungua, au hata nyuma ya jiko la mtu, kisha wakapanda nacho mtini na kukitafuna polepole, midomo ikibaki nyeusi. Watoto hujifunza kwa kuwatazama mama zao. Mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake, waliochapisha utafiti wao mwaka 1997, waliyapima makaa hayo maabara na kukuta kwamba yananasa kemikali za majani ya mwembe na mkungu vizuri sana. Kwa hiyo kima wanaokula makaa wanaweza kuishi kwa wingi kwenye mashamba yenye miti ambayo pengine wasingeimudu.

Wanaishi kwa makundi, aghalabu ya kima 30 hadi 50, madume wachache na majike wengi zaidi. Hula pamoja, hulala pamoja, na baada ya kula huchambuana manyoya kwa muda mrefu. Mara nyingi huonekana wakitembea na kima wa kawaida bila ugomvi, kwa kuwa hawagombei chakula kimoja. Mimba huchukua takriban miezi sita, na jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa tena. Kwa mnyama anayezaa kwa mwendo huo, kila jike anayekufa ni hasara ambayo kundi huchukua miaka kuifidia. Zamani adui yake wa porini alikuwa chui. Chui wa Unguja aliwindwa mpaka akatoweka machoni mwa watu, na sasa wa kuogopwa ni mbwa na binadamu.

Binadamu mwenyewe hakumpenda kima huyu kwa muda mrefu. Mashambani ilisemwa kwamba ana sumu, kwamba mti anaoula hudhoofika, kwamba mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Imani hizo zilimsaidia upande mmoja, kwani wengi hawakuona sababu ya kumla, ingawa wasasi waliendelea kumuua. Tuhuma nzito zaidi ilikuwa ya minazi. Mkulima akimwona kima juu ya mnazi anatupa vidaka chini, atamwambia nani kwamba hiyo si hasara?

Tuhuma hiyo ilichunguzwa. Kirstin Siex na Struhsaker walihesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizoangushwa kwenye mashamba yanayopakana na Jozani, na matokeo yao ya mwaka 1999 hayakuwaunga mkono washtaki. Kima punju hula vidaka, yaani nazi katika hatua ya mwanzo kabisa kabla hazijafika kitale. Mnazi kwa kawaida hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi hupukutika vyenyewe. Penye kima wengi mavuno hayakupungua. Yalielekea hata kuongezeka kidogo, pengine kwa sababu vidaka vilivyobaki vilipata nafasi ya kukua. Haimaanishi kwamba mkulima hapati hasara yoyote, maana kima hao hula pia mazao mengine ya shambani. Lakini kwa minazi, kesi ilikuwa imejengwa juu ya kilichoonekana chini ya mti, na hakuna aliyehesabu kilichobaki juu.

Kinachomtishia hasa ni kukosa pa kukaa. Unguja ni kisiwa kidogo, watu wanaongezeka, na msitu wake mwingi unaota juu ya maweni, jiwe la matumbawe lenye udongo haba. Msitu huo hukatwa kwa kuni, makaa, fito na boriti, huchomwa kwa ajili ya chokaa, hufyekwa kwa kilimo cha misimu michache kisha huachwa. Miaka ya karibuni yameongezeka mahoteli na viwanja vya nyumba, hasa pwani ya mashariki na kusini. Msitu ukikatwa vipande vipande, makundi hubaki yamefungiwa kwenye vichaka vilivyozungukwa na mashamba na barabara. Baadhi yamehamia mikokoni. Huko, watafiti wa Uzi wameona, kima punju hunywa maji mara nyingi kuliko wenzao wa msituni, ambao hutosheka na unyevu wa majani. Mikoko, hata hivyo, nayo hukatwa.

Barabara ni janga la pekee. Njia kuu ya kutoka mjini kwenda Paje inapita katikati ya makazi yao karibu na Pete na Jozani. Ilipowekwa lami miaka ya 1990 magari yakaanza kupita kwa kasi, na makadirio ya wakati huo yalikuwa kwamba kima mmoja aligongwa na kufa kila baada ya wiki mbili au tatu. Yakajengwa matuta. Vifo vikashuka hadi karibu kimoja kwa wiki sita. Matuta machache ya lami yaliokoa kima wengi, ila hayakumaliza tatizo, kwa sababu dereva mwenye haraka huongeza mwendo mara tu anapovuka tuta.

Jaribio la kuwapa makao mengine halikwenda sana. Mwaka 1974 kima punju 14 walichukuliwa hadi msitu wa Ngezi, Pemba, kama akiba endapo wa Unguja wangepata maafa. Miaka ishirini baadaye walikutwa wachache mno. Wengine waliopelekwa msitu wa Masingini, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, waliongezeka kiasi. Somo la majaribio hayo ni kwamba kima punju haokolewi kwa kuhamishwa tu. Lazima atunzwe alipo.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa mwaka 2004, Jozani na Ghuba ya Chwaka zilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50. Watalii wengi wanaofika hapo hufuata kima punju, na sehemu ya viingilio imekuwa ikirudi vijijini na kwa wakulima ambao mashamba yao ndiyo malisho ya kima. Mpango huo ndio uliobadili mtazamo wa vijiji vya jirani kuliko mahubiri yoyote ya uhifadhi: mnyama aliyeitwa msumbufu akawa analeta kipato. Malalamiko kuhusu mgawo hayajawahi kuisha, nayo yana haki ya kusikilizwa, kwa sababu mkulima asiyeona faida ana panga mkononi na mti mbele yake.

Kuhusu idadi, kulikuwa na habari njema. Sensa ya kisiwa kizima iliyofanywa na Wildlife Conservation Society na kuchapishwa mwaka 2019 ilipata zaidi ya kima punju 5,800, zaidi ya mara tatu ya walivyokadiriwa awali. Hawakuwa wameongezeka ghafla. Ni hesabu za zamani ambazo hazikufika kila msitu. Bado wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kima wekundu kwa jumla ndio walio taabani zaidi miongoni mwa kima wa Afrika. Mmoja wao, yule wa misitu ya Ghana na Côte d'Ivoire aitwaye kima mwekundu wa Waldron, hajaonekana kwa uhakika na mwanasayansi yeyote tangu 1978.

Utalii wenyewe umeleta shida mpya. Kima wa Jozani wamezoea watu, na wageni husogea hadi hatua moja ili kupiga picha, wengine huwashika au kuwapa chakula. Magonjwa ya binadamu, mafua yakiwemo, yanaweza kumpata kima, na ndizi ya mgeni humvuruga tumbo lililoumbwa kwa majani. Anayekwenda kuwatazama na akae mbali mita kadhaa, asile mbele yao, asiwape kitu. Anayepita Pete kwa gari na apunguze mwendo kabla ya tuta la kwanza, aende hivyo hivyo mpaka amalize msitu.