WAZEE WETU NA PICHA: JINSI YA KUANZISHA KIKUNDI



Wengi wetu tulikimbia bila picha hata moja. Picha ya harusi, ya marehemu baba, ya nyumba tuliyojenga, zote zilibaki. Anayezikumbuka bado sura na majina ni mzee. Siku atakapotutoka, wajukuu watamwuliza nani?

Kwa nini wazee?

Vijana wanapiga picha kila siku. Lakini picha isiyo na maelezo, baada ya miaka michache, hakuna anayejua ni ya nani. Kikundi cha wazee kina kazi mbili: kupiga picha na kusimulia. Tena humtoa mzee nyumbani, asikae akingojea siku ya mgao tu.

Picha si mchezo. Baada ya mwaka 1994, katika kambi za eneo la Maziwa Makuu, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilibandika picha za watoto waliopotezana na wazazi wao. Wengine walikuwa wadogo mno, hawakujua hata kutaja jina la baba. Sura ndiyo iliyosema kwa niaba yao.

Hatua za kufuata

1. Kusanyikeni watu 6 hadi 10 wenye umri wa miaka 60 au zaidi, akina mama na akina baba. Asiyeona vizuri asiachwe: yeye atasimulia.

2. Mchagueni mwenyekiti, katibu wa kuandika, na kijana mmoja wa kuwasaidia. Mwarifuni kiongozi wenu na mhudumu wa huduma za jamii.

3. Simu moja yenye kamera inatosha. Futeni kioo cha kamera kwa kitambaa safi kabla ya kuanza.

4. Pigeni asubuhi au jioni. Jua lisiwe nyuma ya anayepigwa, uso utakuwa mweusi. Jua likiwa kali, mkae kivulini. Mkono ukitetemeka, keti, bana viwiko mbavuni, au egemeza simu juu ya kiti.

5. Kila picha ipewe namba. Katika daftari, katibu aandike namba hiyo, jina, mahali, mwaka, na maneno ya mzee mwenyewe.

6. Mkipata fedha kidogo, safisheni picha chache kwenye karatasi. Nyuma andikeni namba tu. Zihifadhini pamoja na daftari ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mvua na moshi.

Tahadhari

- Omba ruhusa kwanza. Mtu akikataa, mwache. Kwa mtoto, muulize mzazi au mlezi.

- Usipige picha za polisi, askari, ofisi ya uandikishaji, wala watu walio kwenye foleni ya mgao.

- Usitume picha ya mwenzako kwa watu wengine bila idhini yake. Wapo miongoni mwetu wanaotafutwa na wale waliowakimbia. Picha moja inaweza kuonyesha mahali walipo.

- Picha ya kikundi si kitambulisho. Haiongezi mgao, wala haiharakishi safari ya kwenda nchi ya tatu. Huduma za UNHCR ni za bure. Anayekudai pesa kwa ahadi hiyo anakudanganya; toa taarifa.

- Ukitafuta ndugu aliyepotea, nenda kwa Msalaba Mwekundu. Huduma hiyo pia ni ya bure.

Siku ya kwanza

Kila mzee aje na kitu kimoja alichotoka nacho nyumbani: kitenge, ufunguo, sufuria, fimbo. Aliyetoka mikono mitupu aje na mikono yake; nayo itapigwa picha. Kisha asimulie, na katibu aandike.

Mzee, usiseme umechelewa. Kijana, mpeleke babu yako au bibi yako, ukae, usikilize.