Wasiwasi wa Kila Siku: Mkristo Afanye Nini?



Tukiwatembelea, mnatuuliza habari za mbegu, ng'ombe wa maziwa na mikopo. Lakini mkutano ukiisha, kuna mtu hubaki nyuma, akatuvuta kando na kusema polepole: "Mwalimu, mimi silali."

Mama mmoja alituambia hivyo. Alikuwa amekopa pesa za merigoraundi alipe karo, halafu mvua ya vuli ikakosa, maharagwe yakakauka. Tulikuwa na haraka. Tukamjibu, "Mama, omba tu, usiwe na wasiwasi." Hakuonekana mkutanoni kwa miezi 3. Baadaye alitueleza kwamba alirudi nyumbani na mizigo 2: deni, na aibu ya kudhani imani yake ni ndogo. Kwa hivyo leo tunataka kulijibu swali lake vizuri zaidi.

WASIWASI NI NINI?

Wasiwasi si dhambi, wala si kurogwa. Mungu ametuumba na mwili unaojua kujihadhari. Ukikutana na nyoka shambani, moyo hupiga mbio na miguu hupata nguvu ya kukimbia. Nyoka akienda, mwili hutulia. Lakini karo si nyoka, haiendi. Unalala nayo na kuamka nayo. Mwili ukikaa hivyo siku nyingi, kichwa huuma, tumbo husokota, usingizi hupotea, na tunawagombeza watoto bila sababu.

Hata Yesu, katika bustani ya Gethsemane, alijaa huzuni. Alifanya nini? Alimwomba Baba yake. Tena aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana, akawaomba wakeshe pamoja naye. Kama Bwana mwenyewe alihitaji wenzake, sisi ni nani tujifungie nyumbani?

JE, TUKAE TU TUKINGOJA?

Someni Mathayo 6:25-34, pale Yesu anapotaja ndege na maua. Kuna wale wanasema maana yake ni tusipange lolote. Sivyo. Ndege hakai kiotani akingoja chakula kimwangukie mdomoni. Anaamka alfajiri kutafuta. Yesu anatukataza kubeba mzigo wa kesho juu ya ule wa leo.

Mtakatifu Paulo naye aliwafundisha Wafilipi (sura ya 4) wamwambie Mungu shida zao badala ya kuhangaika. Alipoandika hayo alikuwa kifungoni. Na katika sura hiyo hiyo anawashukuru kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Aliomba, na pia alipokea msaada wa ndugu.

VIKAPU 3

Chukua karatasi, au chora chini kwa kijiti. Kila jambo linalokukosesha usingizi, litie katika kikapu chake.

1. Kikapu cha leo. Ni lile ninaloweza kulifanya mwenyewe: kwenda kumwona mwalimu mkuu kabla mtoto hajafukuzwa, kuandika deni lote ni ngapi, kupalilia kipande kilichobaki. Chagua moja tu, ulifanye kabla jua halijatua.

2. Kikapu chetu. Ni lile linalohitaji wenzangu: kuomba kikundi kiongeze muda wa kulipa, kusaidiwa kuvuna, kupata mtu wa kukaa na mgonjwa. Lifikishe kikundini au katika jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo. Nasi tunaosikia, tuweke siri. Habari ya mtu ikifika kisimani, hakuna atakayesema tena.

3. Kikapu cha Mungu. Ni lile ambalo hakuna mtu kijijini anayeliweza: mvua, bei ya sokoni, mambo ya mwaka ujao. Hili ndilo la kumkabidhi Mungu jioni, kwa jina lake, mkisali pamoja nyumbani. Likirudi usiku, mkabidhi tena.

Yule mama aliporudi, tulifanya hivyo naye. Kikundi kilimwongezea miezi 5. Mwalimu mkuu alikubali kuni za jikoni ya shule zihesabiwe kama sehemu ya karo. Deni lilikuwa bado lipo, lakini alianza kulala.

WASIWASI UKIZIDI

Mtu akikosa usingizi au hamu ya chakula zaidi ya majuma 2, akiacha kazi zake, au akianza kutafuta faraja katika pombe, mpelekeni kituo cha afya. Akisema afadhali afe, msidhani ni maneno tu. Msimwache peke yake, na mwende naye siku hiyo hiyo. Dawa na sala hazigombani. Mungu hutumia pia mikono ya daktari.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Ni wasiwasi gani unawasumbua wengi hapa kwetu mwezi huu? Unaingia katika kikapu gani?

2. Ni mwenzetu gani hajaonekana mikutanoni siku hizi? Nani atamtembelea juma hili?

3. Mtu akitueleza shida yake, je, tunamsikiliza mpaka amalize, au tunamjibu haraka kama tulivyofanya sisi?