MHUSIKA NJE YA HADITHI YAKE: UHAKIKI WA GEMU YA SUPER SMASH BROS. ULTIMATE

Utangulizi

Wanafunzi wenzangu wa fasihi wameshaniuliza: gemu ina fasihi gani? Swali ni halali. Tumezoea kuigawa fasihi mafungu mawili, simulizi na andishi, na gemu ya tivii haikai vizuri huku wala kule. Makala haya hayakusudii kuilazimisha ikae. Yanakusudia kuchukua gemu moja, Super Smash Bros. Ultimate, na kuihakiki kwa zana zilezile tunazozitumia darasani: wahusika, muundo, mandhari, fanani na hadhira. Zana zikigoma, tutajua zimegomea wapi.

Gemu hii nimeicheza na kuitazama ikichezwa kwa wiki tatu, katika chumba kimoja cha ghorofani Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mwenye mashine aliletewa na mjomba wake anayefanya kazi Muscat. Niseme mapema kwamba hii siyo gemu ya mtaani kwetu. Kwenye vibanda vya gemu nilivyozoea, kinachotawala ni PlayStation, na ndani ya PlayStation kinachotawala ni mpira. Wanaotaka ngumi huwekewa Tekken au Mortal Kombat. Nintendo ni mgeni. Kwa mhakiki, ugeni huo una faida. Hadhira isiyolelewa na wahusika hawa ndiyo inayoweza kutuonyesha kama wahusika wana nguvu yao wenyewe, au wanaishi kwa sifa walizozichuma kwingine.

Basi swali ninalolishughulikia ni hili: mhusika akitolewa katika hadithi yake na kuingizwa ulingoni pamoja na wageni, anabaki na nini?

Gemu yenyewe

Mfululizo huu ulianza mwaka 1999 kwenye mashine ya Nintendo 64. Mbunifu wake, Masahiro Sakurai wa Japani, alianza na gemu ya majaribio ya wachezaji wanne ambayo watu wake hawakuwa na jina wala historia. Aliyeiandikia programu ni Satoru Iwata, ambaye baadaye alikuwa rais wa Nintendo. Sakurai akaona pigano la watu wasiojulikana halina mvuto, akawaingiza wahusika maarufu wa Nintendo: Mario, Link, Pikachu na wenzao, jumla 12. Mwaka 2008, katika toleo la Brawl, milango ilifunguliwa kwa makampuni mengine, wakaingia Snake wa Konami na Sonic wa Sega. Ultimate ilitoka tarehe 7 Desemba 2018 kwa mashine ya Nintendo Switch, ikamrudisha kila mpiganaji aliyewahi kuwemo katika matoleo yote ya nyuma. Nyongeza zilipokwisha, Oktoba 2021, wapiganaji walikuwa wamefika 89. Nakala zilizouzwa duniani zimepita milioni 30.

Namna ya kupigana ni tofauti na ile tuliyoizoea. Katika Tekken kila mtu ana mstari wa uhai, ukiisha, umekufa. Hapa hakuna mstari. Kila pigo linakuongezea asilimia, na kadiri asilimia inavyopanda ndivyo unavyokuwa mwepesi, hadi pigo dogo tu linakurusha nje ya jukwaa. Mwenye asilimia 20 akipigwa anayumba. Mwenye asilimia 150 akipigwa vilevile anapaa kama mfuko wa plastiki kwenye upepo. Lakini hata huyo wa 150, akiwa mjanja wa kurudi jukwaani, bado yumo. Ndiyo maana chumbani kwetu hakuna aliyeweka padi chini kwa kukata tamaa kabla ya kudondoka kweli. Huo ni muundo mzuri: mgogoro unabaki wazi mpaka mwisho.

Mhusika ni kitendo

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Ulingoni mhusika hana mazungumzo, hana ukoo, hana nafasi ya kutueleza ametoka wapi. Alichobaki nacho ni namna anavyotenda. Na wasanii wa gemu hii wamefanya kazi kubwa kuhakikisha kwamba kitendo kinabeba hadithi.

Chukua Mr. Game & Watch. Ni kivuli cheusi bapa, kimetoka katika vigemu vya mkononi ambavyo Nintendo ilianza kuviuza mwaka 1980. Vigemu vile havikuwa na picha laini. Picha iliruka kutoka nafasi moja hadi nyingine. Na humu ndani anatembea hivyo hivyo, kwa kurukaruka, kati ya watu wenye nyama na nywele. Chukua Steve wa Minecraft: wenzake wanapigana, yeye anachimba, anakusanya mbao na chuma, anajitengenezea silaha palepale. Chukua Ryu wa Street Fighter: ukibonyeza kirahisi, moto wake unatoka, ukizungusha kidole kama ulivyofundishwa na gemu yake ya asili, moto unatoka na nguvu zaidi. Maana yake, anayeijua hadithi ya zamani analipwa, na asiyeijua hafukuzwi. Hiyo ndiyo sifa ya kazi yoyote inayojengwa juu ya kazi nyingine.

Hadhira ya Sikukuu ilinithibitishia hili bila kuambiwa. Kuna mpiganaji anaitwa Villager, mtoto wa kijijini kutoka Animal Crossing. Anapanda mche, anaumwagilia maji, mti unakua, kisha anaukata kwa shoka umwangukie adui. Vijana hawakuwahi kuisikia Animal Crossing. Siku ya pili tu walishamwita “bwana shamba”. Captain Falcon, kwa kuwa hachoki kupiga kelele na kurusha watu, wakamwita “konda”. La kwanza linakaribia ukweli wa hadithi yake, la pili ni la Kariakoo tupu. Lakini yote mawili yametokana na kitendo. Na alipoingia Kazuya wa Tekken, aliyeongezwa mwaka 2021, chumba kizima kilisimama: “Ebwana, huyu wa kwetu!” Kijana mmoja akajaribu ile ngumi yake ya umeme kwa mtiririko wa vidole alioujua kibandani. Ikatoka.

Wakubwa nao walikuwa na wa kwao. Waliokulia miaka ya tisini na zile gemu za kaseti, zilizoigizwa kutoka mashine ya zamani ya Nintendo, walimtambua Mario mara moja. Wakamtambua pia yule bata na mbwa wa Duck Hunt. Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa: yule mbwa aliyekuwa akiwacheka utotoni walipokosa shabaha, sasa wanaweza kumpiga.

Palipopwaya

Sifa hiyo haiwahusu wote. Kutoka mfululizo wa Fire Emblem wameletwa wapiganaji wanane, na wengi wao ni watu wa panga wanaofanana kwa sura na mwendo. Lucina anapigana karibu sawasawa na Marth; Chrom anaiga mengi ya Roy. Kwa aliyezisoma hadithi zao, tofauti ipo. Kwa hadhira isiyozijua, kitendo hakisemi kitu, na hivyo mhusika hayupo. Sikumsikia mtu Sikukuu akiwapa majina ya utani. Waliitwa “wale wa panga”, basi.

Palipopwaya zaidi ni kwenye hadithi yenyewe, sehemu iitwayo World of Light, ya kuchezwa peke yako. Kiumbe cha nuru, Galeem, anawaangamiza wapiganaji wote isipokuwa Kirby, naye Kirby anaanza safari ya kuwakomboa. Baadaye anazuka Dharkon, kiumbe cha giza. Ukimshinda Galeem peke yake, giza linameza dunia. Ukimshinda Dharkon peke yake, nuru inameza dunia. Mwisho mwema unapatikana kwa kuwashinda wote wawili. Dhamira hiyo ni nzito: nuru nayo inaweza kuwa dhalimu. Lakini inaelezwa kwa vipande vichache vya filamu, na katikati yake kuna mapigano mamia yasiyo na neno moja la mazungumzo. Dhamira imetajwa, haikujengwa. Nilipokuwa naicheza, vijana walitoka mmoja mmoja kwenda kununua mihogo.

Kuna na suala la mlango. Ukiianza gemu hii unakuta wapiganaji wanane tu. Waliobaki unawafungua kwa kucheza, na waliokuja baada ya mwaka 2018 wengi wao wanalipiwa. Kwa mtu mwenye mashine yake nyumbani hiyo ni starehe. Kwa kibanda ambacho mteja hulipia muda, ni hasara: nani atakaa kufungua milango ya mwenzake? Upande mwingine, mashine ina skrini na betri yake, na kipadi chake kinagawanyika vikawa viwili. Umeme ulipokatika watu wawili waliendelea kucheza, wengine tumewainamia mabegani.

Fanani na hadhira

Gemu hii inaitwa ya ngumi, ila ni ya karamu pia. Hadi watu wanane wanaweza kupigana kwa pamoja, huku vitu vikidondoka kutoka juu: nyundo, mabomu, vyakula. Chumbani kulizuka mjadala wa kweli. Kaka mwenye mashine alitaka vitu vizimwe ili ashinde aliye hodari. Wadogo walitaka viwashwe, maana kwa bomu la bahati dogo wa darasa la tano aliweza kumtoa yeye. Mjadala huo si wa Sikukuu tu; wachezaji wa mashindano duniani huzima vitu na kuchagua majukwaa machache yasiyo na vurugu. Mimi nipo upande wa wadogo. Ukivizima, inabaki gemu nzuri ya wawili na watazamaji walionyamaza. Ukiviwasha, hadhira inaingia kazini.

Na hadhira yetu ina mafunzo yake. Dar es Salaam ni mji wa vibanda umiza, ambamo filamu za nje zilisimuliwa kwa Kiswahili na mafundi kama Lufufu, aliyewapa waigizaji wa mbali maneno na visa vya hapa. Nilichokisikia Sikukuu ni mtoto wa sanaa hiyo. Walioshindwa hawakukaa kimya wakisubiri zamu; waligeuka watambaji. “Konda anadai nauli, bwana shamba hana chenji, oya, kashushwa!” Katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba hadithi hukamilika katika utendaji, pale fanani na hadhira wanapokutana. Wahusika 89 waliokuja bila hadithi walizipata pale.

Nani hakualikwa

Siwezi kumaliza bila kusema kuhusu orodha ya wageni. Miongoni mwa wote 89 hakuna hata shujaa mmoja wa ngano zetu. Kuna jukwaa liitwalo Kongo Jungle, makao ya sokwe Donkey Kong. Hata kama jina limechezewa kutoka kwa Kong, mtoto wa Kariakoo analisoma kama lilivyo. Kongo ile ni msitu usio na mtu. Mtaa wa Congo anaoujua yeye, hatua chache kutoka hapo, hauna pa kuweka mguu kwa wingi wa watu.

Si kwamba mkusanyiko wa wahusika ni kitu kigeni kwetu. Kezilahabi katika Nagona (1990) aliwakusanya wanafikra wa Ulaya waliokwisha kufa ndani ya riwaya ya Kiswahili, wala hakuomba ruhusa kwa mtu. Sungura anaingia katika ngano ya Simba, ya Fisi, ya Mamba, bila mkataba, kwa sababu hana mwenyewe. Sora, mgeni wa mwisho wa Ultimate, asingeweza kuingia bila Disney kukubali. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko michoro. Wahusika wao wana wamiliki. Wa kwetu wana wasimulizi. Aliye na mmiliki hualikwa kwa biashara. Asiye na mmiliki hubaki nje mpaka wasimulizi wake wamtengenezee ulingo.

Fikiria Fumo Liyongo akipewa vitendo vyake: upinde, nguvu za kutisha, na kitovu ambacho sindano ya shaba ikikigusa asilimia hazihesabiwi tena. Na akishashindwa, abaki amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wasithubutu kusogea. Hakuna haja ya kueleza ukoo wake; yeyote duniani angeelewa huyu ni nani.

Hitimisho

Kwa jumla, Ultimate ni kazi hodari ya kifani na dhaifu ya kimaudhui pale inapojaribu kusimulia yenyewe. Inafaulu inapomwachia mhusika atende na hadhira iseme. Kwa mwanafunzi wa fasihi inatoa somo moja la wazi juu ya uhusika: futa jina, futa ukoo, futa mazungumzo, halafu tazama kama mhusika bado anatambulika. Wengi humu wanatambulika. Kabla ya kuuliza gemu ina fasihi gani, tuwapitishe katika mtihani huohuo wahusika wa riwaya na tamthiliya tunazoandika wenyewe hapa chuoni.