Fahamu: Farasi aliyembana Karpov

Gukesh wa India alipotwaa ubingwa wa dunia wa sataranji mwaka 2024 akiwa na miaka 18, alivunja rekodi ya Garry Kasparov, aliyeupata akiwa na 22. Kasparov aliupataje?

Moscow, Oktoba 1985. Baada ya michezo 15 ya pambano la ubingwa, Kasparov na bingwa mtetezi Anatoly Karpov walikuwa sare. Katika mchezo wa 16 Kasparov, mwenye kete nyeusi, alimtoa kafara askari mmoja mapema, kisha akapenyeza farasi hadi safu ya tatu ya mpinzani. Hapo farasi huyo akaganda. Ngome za Karpov zikakosa njia, farasi wake wawili wakakwama pembeni.

Ni uzuri wa kutisha! Kwenye hatua ya 40 Karpov akasalimu amri.

Novemba 9 Kasparov akawa bingwa, pointi 13 kwa 11.