Msomaji Anatafuta "Dawa ya Mdondo"

Mfugaji aliyeamka alfajiri akakuta kuku watatu wamekufa na wengine wamejikunyata kwenye kona ya banda haandiki kwenye simu yake "udhibiti wa ugonjwa wa Newcastle kwa ndege wafugwao". Anaandika "dawa ya mdondo". Akiwa amechanganyikiwa zaidi ataandika "kuku wanaharisha kijani wanakufa". Ukitaka kusomwa mtandaoni bila kulipia matangazo, kazi inaanzia kwenye maneno hayo ya mfugaji, si kwenye maneno yako.

Mimi nauza dawa za mifugo hapa Morogoro. Nilisomea afya ya mifugo, na jioni nikishafunga duka huandika makala za ufugaji wa kuku kwenye tovuti yangu. Sijawahi kulipia tangazo. Wasomaji wangu wengi hawanijui kwa jina wala kwa sura. Wameletwa na Google, kwa kuwa waliuliza swali ambalo nilikuwa nimeshalijibu. Vijana wa kompyuta wanaiita kazi hii SEO, na wapo wanaoiuza kama uganga. Ukiifungua ndani utakuta ni usikivu, mpangilio na subira.

Google inafanya nini hasa

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Utafutaji wake unakwenda kwa hatua tatu. Kwanza, programu zake hupita mtandaoni zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine na kusoma kilichomo. Pili, kilichosomwa huwekwa kwenye orodha kubwa, kama faharasa iliyo mwisho wa kitabu. Tatu, mtu anapouliza, mashine huchagua kutoka kwenye orodha hiyo kurasa zinazolingana na swali, kisha huzipanga, inayoelekea kufaa zaidi ikikaa juu.

Wazo lililowapaisha Page na Brin lilikuwa kuhesabu viungo: ukurasa unaotajwa na kurasa zenye uzito nao hupata uzito. Vigezo vimeongezeka sana tangu hapo. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia mfumo uitwao BERT, kwanza kwa Kiingereza kisha kwa lugha nyingine zaidi ya 70, ili kuelewa maana ya sentensi nzima badala ya kuokota neno mojamoja.

Kuna jambo moja watu hawaliamini mpaka waumie: nafasi kwenye matokeo ya kawaida hainunuliwi. Anayelipa huwekwa kwenye eneo la matangazo, tena kwa alama inayosema ni tangazo. Anayekuambia umpe laki mbili akupandishe namba moja kwa sababu ana mtu wake Google, anakula hela yako.

Maneno yanapatikana wapi

Kuna zana za kutafutia maneno. Google Trends, iliyoanza mwaka 2006, inalinganisha jinsi watu wanavyotafuta neno hili na lile. Keyword Planner ilitengenezwa kwa ajili ya watangazaji. Kwa Kiingereza zinasaidia sana. Kwa Kiswahili cha bandani, mara nyingi zinakujibu kwamba takwimu hazitoshi.

Chombo changu mimi ni kaunta. Mteja haji kuniambia kuku wake wana koksidiosi. Anasema, "Dokta, nipe dawa ya kuku wanaoharisha damu." Mwingine, "Wangu wanakoroma usiku, na macho yamevimba." Mzee mmoja, nikishamwamkia na akaitikia, huinama kidogo kama anayemsema jirani: "Mwanangu, vifaranga wanasinzia tu, mabawa wameyashusha." Chini ya kaunta nina daftari. Mteja akitoka, naandika sentensi yake kama alivyoisema, bila kuisafisha. Humo ndimo vinamotoka vichwa vya makala zangu.

Si lazima uwe na duka. Fundi pikipiki, muuguzi, mshonaji na wakala wa fedha za simu, wote wanaulizwa maswali kutwa nzima. Makundi ya WhatsApp nayo yamejaa. Na Google yenyewe inakunong'oneza: andika "kuku wa kienyeji" halafu usibonyeze kitu, tazama orodha inayoshuka. Mapendekezo hayo yanatokana na mambo ambayo watu wameyatafuta kweli. Ongeza herufi moja, orodha inabadilika. Bonyeza, kisha shuka hadi chini kabisa ya matokeo, utakuta maneno mengine yanayohusiana. Dakika chache za zoezi hilo zinakupa kazi ya mwezi.

Neno fupi, swali refu

Wanaoanza hukimbilia neno kubwa. Wanataka "kuku". Lakini anayeandika "kuku" peke yake anataka nini? Mapishi? Picha? Bei? Humjui, kwa hiyo huwezi kumhudumia, na bado unashindana na kila aliyewahi kuandika neno hilo.

Sasa tazama hizi: "vipimo vya banda la kuku 100", "bei ya vifaranga wa Sasso", "kuku wa kienyeji wananyonyoka manyoya shingoni". Wanaouliza ni wachache, lakini kila mmoja anajua anachotaka, na walioshughulika kumjibu kwa Kiswahili ni wachache zaidi. Google imeeleza kwamba takribani asilimia 15 ya maswali inayopokea kila siku haijawahi kuulizwa kabla. Maana yake maswali hayaishi, na mwandishi mdogo ana mahali pa kuingilia.

Swali pia linabeba nia. Aliyeandika "bei" apewe bei, na tarehe uliyoiandika. Usimzungushe na historia ya kuku duniani. Aliyeandika "vipimo" apewe mita na mchoro. Ukimpa kisichokuwa chake, anarudi Google na kubofya ukurasa unaofuata wako.

Makala moja kwa karibu

Nikuonyeshe ya mdondo. Kichwa cha kitaalamu kingekuwa "Udhibiti wa Ugonjwa wa Newcastle kwa Ndege Wafugwao". Ni sahihi, ila hakuna aliyekiuliza. Changu ni hiki: "Dawa ya mdondo (kideri) wa kuku: tiba haipo, chanjo ipo". Kina herufi 55 pamoja na nafasi. Kichwa kikizidi herufi 60 hivi, mara nyingi hukatwa kwenye matokeo. "Dawa ya mdondo" limetangulia kwa sababu ndilo linaloandikwa. "Kideri" ni jina la pili la ugonjwa huohuo, na wapo wanaolijua hilo tu. "Newcastle" nimeliweka ndani ya makala, maana limeandikwa kwenye chupa ya chanjo na wanafunzi hulitafuta.

Aya ya kwanza inatoa jibu papo hapo: mdondo unaletwa na virusi, hauna tiba, watenge wanaoumwa, waliokufa wachome moto au wafukie shimo refu, usiuze wala kugawa. Kinga ni chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kurudia kila baada ya miezi 3. Mwenye bando la kubahatisha akisoma hapo tu, ameshapata cha kufanya.

Chini yake vichwa vidogo vinafuata maswali yenyewe: dalili za mdondo, ambamo nimetaja kuharisha kijani, shingo kupinda, mabawa kushuka na kupumua kwa shida, ratiba ya chanjo, kwa nini antibayotiki haiui virusi, na je, pilipili na shubiri zinasaidia? Swali hilo la mwisho wateja huniuliza kila kiangazi. Kutoka hapo nimeweka kiungo cha makala yangu ya ratiba ya vifaranga, na ile ya vifaranga inarudisha kiungo huku. Msomaji anaongozwa, na programu za Google nazo zinapata njia ya kupita.

Picha zina kazi yake. Picha ya simu huja na jina la tarakimu tupu; kabla ya kuipandisha naiita "kuku-mwenye-mdondo-shingo-imepinda", kisha naandika maelezo mafupi ya kinachoonekana, yanayomsaidia pia asiyeona anayesomewa ukurasa na simu. Naipunguza uzito. Ukurasa unaochelewa kufunguka kwenye simu ya bei nafuu ni mlango uliofungwa. Anwani ya ukurasa nayo iwe fupi na isomeke: "dawa-ya-mdondo" inatosha.

Usiilishe mashine

Baada ya hapo kuna kishawishi cha kurudia neno mpaka ling'oe meno: "Dawa ya mdondo ni dawa inayotibu mdondo, ukitaka dawa ya mdondo soma dawa hii ya mdondo." Zamani hila hizo ziliwafaa baadhi ya watu. Wengine walificha maneno meupe juu ya karatasi nyeupe, wengine walijaza orodha ya maneno mahali pasipoonekana na msomaji. Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kwamba orodha hiyo ya siri haiitumii kupanga matokeo. Mwaka 2011 ilileta badiliko lililoitwa Panda, lililozishusha tovuti zenye makala hafifu za kujaza nafasi. Mwaka 2012 ikaja Penguin, iliyowakamata wanunuzi wa viungo. Mwaka 2022 ikaongeza mfumo wa kutambua makala zilizoandikwa kwa ajili ya mashine badala ya watu, na mwaka 2024 ikaimarisha kanuni dhidi ya wanaomwaga kurasa kwa wingi kwa lengo la kupanda tu, ziwe zimeandikwa na binadamu au akili mnemba.

Mimi nina sababu iliyo karibu zaidi ya kuwa mkweli. Anayetafuta dawa ya mdondo yuko tayari kununua chochote. Ningeweza kuandika kwamba dawa fulani inatibu, nikaiuza kesho yake asubuhi. Kuku wangekufa, naye angerudi dukani. Neno la utafutaji linakuletea mtu aliye kwenye shida, na ukimdanganya hapo hutamwona tena, si mtandaoni wala mtaani.

Bure yenye gharama zake

Ukishachapisha, subiri. Google yenyewe inasema badiliko kwenye tovuti linaweza kuonekana kwenye matokeo baada ya saa kadhaa au miezi kadhaa. Kwa hiyo makala ya mdondo huandikwa masika, ili kiangazi kikifika, ugonjwa unapochachamaa, iwe imeshakaa mahali pake.

Wakati unasubiri, jiunge na Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Inakuonyesha maneno gani yamesababisha ukurasa wako utokee, umebofywa mara ngapi na ulikuwa nafasi ya ngapi. Naifungua huduma hiyo kila Jumapili. Neno likionyesha kwamba ninatokea sana lakini sibofywi, naangalia upya kichwa. Humo ndimo nilimogundua kwamba watu wanafika kwenye makala ya mdondo kwa kuandika "kuku kupinda shingo". Shingo kupinda si lazima iwe mdondo. Upungufu wa vitamini B1 pia huleta hali hiyo, na huo unatibika. Nikaandika makala ya pili, na wafugaji hao sasa wana ukurasa wao.

Sasa Google imeanza pia kuweka juu ya matokeo majibu yaliyotungwa na akili mnemba, ambayo huwamaliza kiu baadhi ya wasomaji kabla hawajabofya. Ni hasara kwetu, sikatai. Lakini mashine hizo nazo hutegemea kilichoandikwa na watu, na mfugaji anayetaka kuona picha ya kinyesi cha kijani alinganishe na kilichomo bandani mwake bado anafungua ukurasa.

Kwa hiyo wasomaji wa bure si wa bure kabisa. Unalipia jina la tovuti, bando na usingizi. Kama uko Tanzania, kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu mwaka 2018. Waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema kama unachokifanya kinahitaji leseni. Tofauti na tangazo ni hii: tangazo hukoma siku pesa inapokwisha, wakati makala nzuri inaendelea kuleta watu wewe ukiwa umelala.

Kiswahili kina watumiaji wengi na majibu machache. Pengo hilo halikai tupu. Tusipoliziba sisi tunaoifahamu kazi, linazibwa na wauza miujiza. Kama wewe ni mganga wa mifugo, fundi, mwalimu au muuguzi, chukua swali ulilojibu leo mara nyingi kuliko mengine yote, liandike juu ya ukurasa kama lilivyoulizwa, halafu lijibu kikamilifu kwenye aya ya kwanza.