Tui Lije Mwisho: Kuhifadhi Chakula Kilichopikwa Nyamwage

Katika Kijiji cha Nyamwage, palipo njia panda ya barabara kuu ya Kibiti kwenda Lindi na ile inayoelekea Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, chakula cha kawaida hutokana na mpunga, muhogo, samaki na nazi, na katika joto la ukanda huo kiporo, yaani chakula kilichopikwa kikabaki hadi siku ya pili, huweza kuchacha kabla ya alfajiri. Uokoaji wa muda na fedha kwa njia ya kiporo huanza chungu kingali jikoni, mpishi anapoamua kipi kitiwe leo na kipi kisubiri.

Kinachostahili kusubiri kwanza ni tui, kwa sababu lina maji na virutubisho vinavyowalisha bakteria, ndiyo maana mchuzi wa nazi huharibika upesi kuliko chukuchuku, ambayo ni kitoweo kilichochemshwa bila mafuta wala nazi. Maharage huhitaji saa mbili au zaidi juu ya jiko la mkaa, ilhali kuyaunga kwa kitunguu, nyanya na tui hakufiki nusu saa. Kwa hiyo anayechemsha ya siku kadhaa kwa mkupuo mmoja, akayapoza, akayagawa kwa kipimo cha mlo mmoja mmoja na kuyagandisha, hulipia moto mrefu mara moja tu, na kila siku ya kula huunga kiasi kinachotosha.

Wali unadai tahadhari kubwa zaidi. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huwa na mbegu ngumu zinazohimili kuchemka, nazo wali ukiachwa sufuriani ukiwa vuguvugu huchipua na kuweza kutoa sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Wali unaobaki utandazwe kwenye sinia ili upoe haraka, uingizwe kwenye jokofu lenye nyuzi joto zisizozidi 5 kabla ya saa mbili kupita, na upashwe mara moja tu hadi utoe mvuke kote. Nyumba isiyo na jokofu ni heri ipime mchele kwa idadi ya walaji, ingawa kunywa chai ya asubuhi kwa wali uliolala ni desturi inayopendwa sana.

Muhogo ni mfano mwingine mzuri, maana ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu, na wazee waliukabili udhaifu huo kwa kutengeneza makopa, yaani vipande vilivyomenywa na kuanikwa, kama walivyomfanya samaki kuwa ng'onda kwa kumpasua, kumtia chumvi na kumkausha juani. Friza, sehemu ya jokofu inayogandisha kwa takriban nyuzi 18 chini ya sifuri, hufanya kazi hiyohiyo bila kubadili ladha sana: muhogo uliomenywa na kukatwa huingia chunguni ukiwa bado barafu, na samaki aliyeparuliwa na kutolewa matumbo hukaa kwa wiki kadhaa. Hata hivyo, baridi huwasimamisha bakteria bila kuwaua, hivyo samaki aliyeyeyukia kwenye joto la jikoni hafai kurudishwa kugandishwa.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa na kufungwa hubaki na baridi kwa takriban siku mbili, na iliyojaa nusu kwa siku moja, kwa hiyo nafasi tupu zijazwe chupa za maji, zisizofikishwa ukingoni, kwa kuwa maji hutanuka yanapoganda.