Ngozi na Viota Vyake, Sehemu ya 2: Unywele

Unywele una mzizi uliojificha ndani ya ngozi na shina linaloonekana nje. Shina halina damu wala neva, ndiyo maana kinyozi hukata bila kuumiza. Kung'oa ni jambo jingine, kwa kuwa mzizi uko hai na neva zimeuzunguka.

Mzizi hukaa katika kifuko chembamba ambacho chini yake pana tunguu linalolishwa na vishipa vya damu. Hapo seli hugawanyika upesi. Kadiri zinavyosukumwa juu, hujaa keratini, protini ya jamii moja na ile ya kucha na kwato, kisha hukauka na kufa. Ubavuni mwa kifuko mna tezi ya mafuta, na msuli mdogo unaosimamisha malaika mtu anaposhikwa na baridi au hofu.

Chini ya hadubini, shina huonekana limevikwa magamba yaliyolaliana kama makuti ya paa, ncha zikielekea mwisho wa unywele. Ndani yake ni gome la nyuzi za keratini, lenye nguvu na rangi ya unywele. Kiini cha katikati hukosekana kabisa katika nywele nyembamba. Rangi ni melanini. Seli zinazoitengeneza zikikoma kazi, unywele huota ukiwa mvi.

Umbo la unywele huamuliwa na kifuko. Kilichonyooka hutoa singa, ambayo ikikatwa huonyesha duara. Kilichopinda hutoa kipilipili, chenye mkato bapa. Wengi huziita nywele za kipilipili ngumu, na neno hilo linazionea, maana kwa kweli ni dhaifu zaidi. Mafuta ya tezi huteremka kwa wepesi kwenye singa, lakini kwenye kipilipili hukwama njiani na ncha hubaki kavu. Tena kila pindo ni mahali pa kukatikia kichana kinapolazimishwa. Ndiyo sababu inafaa kuzichana zikiwa na unyevu, kwa kichana cha meno mapana, kuanzia nchani. Mafuta ya nazi nayo husaidia, kwani hupenya hadi ndani ya shina.

Minyororo ya keratini hushikana hasa kwa vifungo vya aina mbili. Vile hafifu, vya haidrojeni, huachia kwa maji na kujifunga upya nywele zikikauka. Kwa hiyo nywele zilizofungwa mabutu zikiwa mbichi hukauka zikiwa zimenyooka, na zile zilizopigwa pasi hujikunja tena kwenye hewa ya unyevu ya pwani. Vile imara, vya salfa, havivunjwi na maji. Dawa kali za kulainisha nywele ndizo huvivunja, na shina haliwezi kuvirudisha. Kifuko hakibadiliki, hivyo kinachoota baadaye ni kipilipili kilekile.

Nywele za kichwa, zipatazo 100,000, hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi. Kila mmoja hukua miaka 2 hadi 6, hupumzika miezi kama 3, kisha hung'oka na kupisha mwingine. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Zinazonyonyoka kwenye paji kwa sababu ya kusukwa kwa kubana ni habari nyingine: mvuto ukiendelea kwa miaka, kifuko hugeuka kovu, na hapo unywele hauoti tena.